Mama Karantini na faili lililotumwa mara tatu

Saa moja na dakika tano asubuhi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye mkono wa kushoto anafungua mlango wa chumba namba kumi na nne, anatundika mkoba wake msumarini, na kabla hata hajaketi anaipapasa kompyuta kuukuu iliyo peke yake kwenye meza ya pembeni.

"Umeamkaje, Bubu?" anaisalimia.

Bubu hajibu, na ndiyo sababu ya jina lake. Hajaunganishwa na mtandao, hajaunganishwa na mashine ya kuchapia, hazungumzi na kompyuta nyingine yoyote katika jengo zima la hospitali. Kazi yake ni kufunguliwa mafaili ambayo mtu mwingine hathubutu kuyafungua. Akiambukizwa, anafutwa kila kitu na kuanzishwa upya. Mwaka huu peke yake ameshafutwa mara arobaini na moja.

Mwenye chumba ana miaka hamsini na minane. Kwenye karatasi za ajira yeye ni karani wa barua. Kwenye korido, kuanzia kwa madaktari bingwa mpaka kwa wafagizi, anaitwa Mama Karantini, kwa sababu barua pepe yoyote inayokuja na faili la kutilia shaka huzuiwa na kuwekwa kando, mahali wanapopaita karantini, mpaka yeye aseme iachiwe au itupwe.

Mwandishi wa makala haya alikwenda akidhani atakuta skrini sita ukutani na vijana wanaoandika kwa kasi bila kuangalia vidole. Alikuta daftari kubwa lenye jalada gumu, rula ya mbao, simu ya mezani yenye waya uliojikunja, na mama anayemwambia apanguse viatu vizuri kwa sababu sakafu ndiyo kwanza imepigwa deki.

Hospitali hii hupokea barua pepe kama elfu nne na mia tatu kwa siku. Kati ya hizo, mia tisa hivi huja na mafaili: picha za mifupa, majibu ya maabara, ankara za dawa, maombi ya kazi. Kama sitini huzuiwa kwa sababu zina dalili mbaya. Hizo sitini ndizo mkate wake wa kila siku.

"Watu huanza na faili. Mimi naanza na barua," anasema huku akifuta miwani kwa pindo la kitenge. "Naisoma kama barua ya karatasi. Nani kaandika? Ana haraka ya nini? Mwizi ana haraka siku zote. Leo leo, sasa hivi, kabla ya saa nane, la sivyo akaunti yako inafungwa. Ukiona mtu anakukimbiza hivyo, weka mikono mapajani kwanza."

Anatoa mfano wa faili lililokuja wiki iliyopita likijiita picha ya mgonjwa. Lilipofunguliwa kwa Bubu, liliomba ruhusa ya kuendesha kitu ndani ya kompyuta. "Picha inaangaliwa tu," anasema. "Picha gani inayokuomba ruhusa? Nikalitupa."

Tabia ya kuhakiki imemwingia mpaka kwenye damu, na nyumbani inawapa watu cha kucheka. Mumewe, fundi cherehani aliyestaafu, mtu akigonga mlango humwambia, "Subiri hapo hapo, ndugu yangu, mke wangu akukague kwanza." Binti yao alipojifungua mwaka jana alituma picha ya mtoto kwenye simu ya mama yake. Badala ya kuifungua, mama akampigia.

"Nikamuuliza, mwanangu, wewe ndiye umenitumia kitu?" anasimulia, meno yote nje. "Akaanza kulia kwa hasira. Akasema, mama, ni mjukuu wako huyo! Nikamwambia, hongera sana, sasa ngoja nimfungue."

Alianza kazi hapa akiwa na miaka ishirini na sita, wakati barua zikija kwa magunia na chumba namba kumi na nne kikiwa na makarani sita, kila mmoja na kisu chake cha kufungulia bahasha. Karatasi zikapungua, na makarani wakapungua nazo. Wa mwisho kubaki alikuwa yeye. Badala ya kumhamishia jikoni kama ilivyopangwa, wakampeleka kwenye mafunzo ya wiki tatu ya kukagua barua pepe.

"Nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu," anakumbuka. "Akaniambia, mama, bofya hapa. Nikamuuliza, kwa nini? Akasema, wewe bofya tu. Nikamwambia, mwanangu, si ndiyo hiyo shida uliyokuja kutufundisha?"

Alifaulu. Mshahara wake, hata hivyo, bado ni ule ule wa karani wa bahasha, kwa kuwa kwenye orodha ya vyeo hakuna mstari wa kazi anayoifanya. Ameandika barua tatu kuhusu jambo hilo. Anasema huenda zote zimezuiwa mahali fulani.

Siku mwandishi anapomtembelea ni Jumatatu, na siyo Jumatatu ya kawaida. Hospitali imepata programu mpya ya kukagua mafaili, ambayo watumishi wameshaipa jina la Askari. Kwa siku thelathini Askari na Mama Karantini wanajaribiwa pamoja: kila faili linalozuiwa linapitia kwa wote wawili, kila mmoja anatoa jibu lake, salama au hatari, na muda unahesabiwa. Leo ni siku ya ishirini na saba. Zikitimia thelathini, kamati itakaa. Ikimpa Askari kazi yote, chumba namba kumi na nne kitafungwa, simu ya mezani itang'olewa, na Mama Karantini atapelekwa stoo ya mashuka kumalizia miaka miwili aliyobakiza kabla ya kustaafu.

Wala hasemi uongo kuhusu mpinzani wake. Askari ni hodari. Wiki ya kwanza alinasa faili ambalo yeye alikuwa amelipitisha, ombi la kazi lililopambwa vizuri na picha ya pasipoti juu. "Nililisoma mara mbili, nikaliona safi," anakiri. "Yeye akasema hatari. Tukalifungua kwa Bubu, Bubu akazimika papo hapo. Nilimvulia kofia."

Kinachomuuma ni sharti moja la majaribio. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri haruhusiwi kumpigia simu mtumaji, maana simu inakula muda na kuharibu hesabu. Hapo nyuma alikuwa na desturi yake: hakuna faili linalolala karantini bila mwenye nalo kupigiwa. Sasa husubiri saa tisa ipite, kisha huvuta daftari na kuanza kupiga simu moja baada ya nyingine, mumewe nyumbani akipasha chakula mara ya pili. Mkuu wa kompyuta wa hospitali anajua, ila huangalia pembeni.

Saa tatu na nusu, anafungua orodha ya leo na kukunja uso.

Kuna barua tatu kutoka kwa mtumaji mmoja, zahanati ndogo iliyo mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Ya kwanza ilifika Ijumaa jioni, akiwa ameshaondoka. Ya pili Jumamosi. Ya tatu leo saa kumi na mbili asubuhi. Zote zina faili lile lile, na zote tatu zimezuiwa na Askari, kila moja kwa sekunde mbili.

"Virusi hurudiarudia," anasema polepole. "Lakini hata mtu mwenye shida hurudiarudia."

Anazisoma kwa sauti. Ya Ijumaa ni barua ya kawaida ya kazi: naambatanisha orodha ya wagonjwa wa macho. Ya Jumamosi imeanza kuomba radhi: samahani kwa usumbufu, naituma tena endapo haikufika. Ya leo ina sentensi mbili tu. "Ndugu mnaopokea, tafadhali nijibuni hata kwa neno moja. Wagonjwa wananiuliza kama waje na mimi sijui la kuwaambia."

Hakuna aliyemjibu. Askari akizuia faili huzuia kimyakimya, ili mwizi asijue kama amegunduliwa. Huo ndio utaratibu, na una maana yake.

Mama Karantini ananakili faili kwenye flashi yenye alama nyekundu, anaichomeka kwa Bubu na kulifungua. Kwa muda wa pumzi mbili tatu hakuna kinachotokea. Halafu feni ya Bubu inaanza kuvuma, na kwenye skrini mistari inapanda kasi: kitu kilichojificha ndani ya faili kinajaribu kutoka kwenda mtandaoni, kinagonga, kinagonga tena, na mtandao haupo. Dakika moja baadaye skrini inakuwa nyeupe.

"Pole, mwanangu," anamwambia Bubu na kuchomoa waya wa umeme.

Anachukua fomu ya majaribio na kuandika: hatari. Askari naye ameandika hatari. Wote wawili wamepata. Kwa utaratibu, kazi ya faili hilo imekwisha, na fomu ina nafasi ya sahihi tu.

Hatii sahihi. Anaiweka kalamu chini na kumtazama mwandishi.

"Nimewahi kuwa sahihi namna hii," anasema. "Nikuambie?"

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Fundi seremala mmoja alilazwa na kidonda mguuni kisichosikia dawa. Kipimo kilipelekwa maabara ya nje ili ijulikane ni dawa gani ingekiweza kidonda. Majibu yalirudi kwa barua pepe, lakini kompyuta ya maabara ilikuwa na virusi, na faili lilikuja limeambukizwa. Mama Karantini alilinasa, akalitupa, akaandika kwenye ripoti yake ya wiki kwamba hospitali imeokolewa. Anasema alirudi nyumbani siku hiyo anatembea kifua mbele.

Maabara walijua wametuma. Wodini walijua hawajapata. Kila upande ukaona uzembe ni wa mwenzake, na siku tisa zikapita. Majibu yalipopatikana kwa njia nyingine, mguu ulikuwa umeharibika. Ukakatwa chini ya goti.

"Akaja hapa na magongo yake," anasema, sauti imeshuka. "Alikuwa ameulizauliza mpaka akafika. Akauliza, nani aliishika barua yangu? Nikamwambia, ni mimi. Akauliza, ilikuwa na virusi kweli? Nikamwambia, kweli, haki ya Mungu. Akakaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Akaiangalia hiyo simu. Akaniuliza, 'Kwani simu hii haifanyi kazi?'"

Simu ilikuwa mezani, kati yao, na ilikuwa inafanya kazi. Alilia mbele yake, na seremala ndiye aliyembembeleza.

Miezi kadhaa baadaye seremala alimletea zawadi, rula ya mbao ngumu aliyoikata na kuisugua mwenyewe. Alimwambia daftari lake lina mistari iliyopinda. Kwa rula hiyo Mama Karantini alichora safu mpya kwenye kila ukurasa, akaiandika juu: "Amepigiwa." Tangu siku hiyo haijawahi kubaki wazi.

Saa ya ukutani inasema saa nne na dakika kumi na nane. Mwandishi anauliza kwa nini asisubiri saa tisa ipite kama siku nyingine. Mama Karantini anaelekeza kidole kwenye tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango: daktari bingwa wa macho, anayekuja mara moja kila miezi mitatu, atafanya upasuaji Alhamisi. Majina yawe yamefika kliniki kabla ya saa sita mchana leo. Baada ya hapo vitanda vinagawiwa waliopo kwenye orodha ya akiba.

Anavuta pumzi, anavuta daftari, na kuinua mkono wa simu.

Namba iliyoandikwa chini ya barua ya zahanati haigusi. Hilo ni sharti lake la zamani: namba iliyomo kwenye barua inaweza kuwa ya mwizi huyo huyo, naye atakupokea kwa furaha kabisa. Anatafuta kwenye kurasa za nyuma za daftari, ambako alinakili namba za zahanati zote tangu enzi za barua za karatasi. Simu inaita mpaka inakatika. Anapiga tena.

"Haloo?" Ni sauti ya mwanamke kijana, anahema.

"Habari za kazi, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Nesi wa zamu hapa. Shikamoo."

"Marahaba. Napiga kutoka hospitali kubwa, chumba cha barua. Kuna kitu chochote mmetutumia?"

Hasemi ni kitu gani. Anangoja. Nesi anaporomosha maneno kama aliyefunguliwa bomba.

"Mama, nimetuma mara tatu! Ijumaa, juzi, na leo alfajiri. Orodha ya macho. Hamkuipata? Watu wangu kumi na mmoja wameuza kuku kupata nauli, mama, na mimi sijui niwaambie nini."

Mama Karantini anafumba macho kidogo. Kisha anamweleza, kwa upole, kwamba faili limefika ila lina virusi, na haliwezi kuingia.

"Mungu wangu. Kumbe ni mimi nimewaletea virusi?"

"Si wewe. Ni kompyuta yenu imeambukizwa. Hebu nikumbushie, ulichomeka nini wiki iliyopita?"

"Flashi. Nilipeleka fomu kutoa kopi pale dukani."

"Basi hapo ndipo ilipovipata. Usitume kitu kingine leo, na hiyo flashi iweke mbali. Fundi nitamwambia akupigie. Sasa nisikilize: majina hayo unayo kwenye karatasi?"

"Ninayo kwenye daftari la wagonjwa."

"Lilete. Nisomee, polepole, mimi naandika."

Na nesi anaanza kusoma. Kwa kuheshimu siri ya wagonjwa gazeti hili halitataja majina, lakini mwandishi alisikia kila kitu, maana nesi alikuwa anapaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Bibi wa miaka sabini na minane, macho yote mawili. Mwalimu mstaafu ambaye wanafunzi wake wa zamani ndio wanaomshika mkono barabarani. Mama wa pacha ambaye hajawahi kuwaona wanavyotofautiana. Dereva aliyeficha ugonjwa mpaka alipogonga ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Kwenye jina la saba, mlango unafunguka. Ni Mkuu wa kompyuta, mwanamume wa miaka thelathini na minne, mpole, aliyemchagua Askari na kumwombea fedha kwa miezi minane. Anaitazama simu, anaitazama saa, anatingisha kichwa.

"Mama," anasema, "si tulikubaliana?"

Mama Karantini anaziba mdomo wa simu kwa kiganja. "Tulikubaliana. Nimevunja. Andika."

"Siku tatu tu zimebaki, mama yangu. Faili lenyewe Askari kalipata kwa sekunde mbili."

"Na mimi nimesema kama alivyosema. Faili bovu, hatubishani. Ila watu waliomo ndani hawana virusi. Ngoja nimalize, niko na wa nane."

Anaondoa kiganja. "Endelea, mwanangu. Herufi ya mwisho ni nini hapo?"

Mkuu angeweza kuondoka. Badala yake anabaki ameegemea fremu ya mlango, mikono mifukoni, akisikiliza jina la nane, la tisa, la kumi. Kwenye la kumi na moja nesi anapiga chafya na kuomba radhi, na Mkuu anatabasamu shingo upande. Yote yakisha, Mama Karantini anamsomea nesi orodha nzima tena, umri kwa umri, jicho la kulia au la kushoto. Anapokata simu ni saa nne na dakika hamsini na tatu.

"Dakika thelathini na tatu kwa faili moja," Mkuu anasema.

"Ziandike zote," anajibu. "Usinipunguzie hata moja."

Mkuu anaziandika. Kisha, kabla ya kutoka, anaomba namba ya zahanati ili fundi wake ampigie nesi kuhusu kompyuta.

Orodha inapelekwa kliniki ya macho kwa miguu, ghorofa mbili chini, ikiwa imeandikwa kwa mwandiko wa karani wa zamani, kila herufi imesimama wima. Sista wa mapokezi anaigeuza mbele na nyuma. "Siku hizi barua pepe mnazileta kwa mkono?" anatania. Anaigonga muhuri saa tano na dakika sita.

Mama Karantini anapandisha ngazi. Mwandishi anamuuliza kama anajutia. Anasimama kwenye ngazi ya katikati, mkono umeshika chuma.

"Naogopa," anasema. "Sitakudanganya. Sitaki kwenda stoo ya mashuka. Mashuka hayana mtu wa kumpigia simu."

Alhamisi, siku ya thelathini, mwandishi anapita tena hospitalini. Chumba namba kumi na nne kimefungwa, kuna karatasi mlangoni: "Nimeshuka kupima macho." Kwa miaka miwili wenzake wamekuwa wakimsihi aende akabadilishe miwani, naye akijibu kwamba kliniki iko mbali, ingawa iko chini ya miguu yake.

Yuko kwenye benchi la kliniki. Pembeni yake wamekaa watu kumi na mmoja na mabegi yao, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Hajawaambia yeye ni nani. Bibi wa miaka sabini na minane amemwegemea begani amelala, na Mama Karantini hathubutu kusogea hata zamu yake ya kupimwa inapoitwa. "Mwambieni daktari amwite mwingine," anamnong'oneza sista.

Uamuzi wa kamati unafika Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, kwa barua pepe. Mwandishi yupo. Barua imetoka kwa Mkuu, haina maneno ndani, ina faili moja tu, nalo limeitwa "Uamuzi wa kamati. Fungua."

Mama Karantini, kwa miwani yake mipya, analiangalia kwa muda mrefu. Mkono wake uko mezani, karibu kabisa na kipanya.

"Hebu ona," anasema. "Kama mimi ningekuwa mwizi na ningetaka mtu afungue bila kufikiri, jina ningeliandika hivi hivi."

Anainua simu na kubonyeza tarakimu mbili. Simu inasikika ikiita upande wa pili wa ukuta.

"Mama!" Sauti ya Mkuu inapita kwenye simu na kwenye ukuta kwa pamoja. "Niko hapa hapa jirani!"

"Najua uliko. Umenitumia kitu?"

"Nimekutumia."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na... saa nne na dakika mbili. Mama, ni mimi. Fungua tu."

"Kinasemaje?"

Mkuu anacheka, kicheko cha mtu aliyekubali kushindwa, na karatasi zinasikika zikifunuliwa. Anaanza kumsomea. Kamati imeridhika kwamba programu mpya inafanya ukaguzi kwa usahihi na kwa haraka, na kuanzia mwezi ujao mafaili yote yatakaguliwa nayo.

Mama Karantini ameishika rula ya mbao kwa mikono miwili. "Endelea," anasema.

"Hata hivyo," Mkuu anasoma, "kila faili litakalozuiwa, mtumaji wake apigiwe simu siku hiyo hiyo. Fomu iongezwe safu ya kuonyesha kwamba amepigiwa. Kazi hiyo ibaki chumba namba kumi na nne kwa karani wa barua, ambaye atatafutiwa msaidizi wa kufundishwa kabla hajastaafu." Anakohoa. "Hiyo safu niliiomba mimi."

"Rudia hapo pa safu."

Anarudia. Mama Karantini anashukuru, anarudisha mkono wa simu mahali pake, machozi yakimtiririka chini ya miwani mipya bila kuyafuta. Mwandishi anamuuliza huyo msaidizi atamfundisha nini kwanza, kumtumia Bubu au kusoma barua.

"Kwanza ataninakilia namba zote za nyuma ya daftari, kwa mkono," anasema. "Kompyuta ataikuta tu."

Kisha anafungua ukurasa wa leo, anapiga mstari kwa rula ya seremala na kuandika: saa nne na dakika mbili, faili moja, kutoka kwa Mkuu. Kwenye safu ya mwisho anaandika, "Amepigiwa. Ni lake."

Ndipo anapolifungua.